Haikuwa Malaria

Kwetu Nyamira mwili wa mtu ukichemka, jina la ugonjwa hujulikana kabla mgonjwa hajatoka kitandani. Ni malaria. Na hatusemi hivyo bure. Watu wa rika la mama yangu wanaikumbuka vizuri miaka ya 1990, malaria ilipopanda vilima vya Kisii na Nyamira kwa milipuko, ikaingia kwenye maboma ambayo zamani yaliuona ugonjwa huo kuwa wa watu wa ziwani. Iliua wakubwa kwa wadogo, maana miili yetu haikuwa na kinga ambayo mtoto aliyekulia Homa Bay au Siaya huijenga tangu utotoni. Tangu hapo kila nyumba ina utaratibu wake: Panadol, kisha dawa ya malaria, kisha blanketi mbili juu ya mgonjwa hadi atoe jasho.

Mimi nilichemka kupita nyuzi 41 na haikuwa malaria. Lilikuwa jua pamoja na kazi. Niko hai kwa sababu mtu ambaye hakuwa ndugu yangu wala jirani yangu alikataa nisimezeshwe tembe, akanimwagia maji ya barafu. Nimelisema hili mbele ya kanisa letu siku ya Sabato, nimelisema kwenye matanga, na sasa naliandika, maana mabasi yanaondoka Kisii na Keroka yakiwa na vijana wanaokwenda kupanda ndege Nairobi, na wengi wao hawajaambiwa lolote kuhusu kiharusi cha joto.

Nilizaliwa kwenye chai, upande wa Kebirigo. Vilima vyetu viko mita 1,500 hadi 2,000 na zaidi juu ya bahari. Mvua haikai mbali, na mara nyingine hushuka ya mawe ikachanachana majani ya chai na migomba. Asubuhi tunavaa sweta, na mchumaji wa chai akisema jua ni kali leo anamaanisha nyuzi 26 au 27. Mwili wangu ulikuwa umeishi ndani ya hali hiyo tangu kuzaliwa. Nguvu nilikuwa nazo. Nilikuwa fundi wa kabro, nimepanga mawe hayo ya kutandika chini kwenye vituo vya petroli na viwanja vya makanisa kuanzia Kisii mjini hadi Nyansiongo, na sikuwahi kuugua kazini.

Mwaka 2023 ikapatikana kazi ya kabro Qatar. Mama aliuza ng'ombe, chama chake cha kuchangiana kikatukopesha zilizobaki. Nilipimwa kifua, damu na mkojo, nikaambiwa niko sawa, nikapewa karatasi. Hakuna aliyeniuliza nimewahi kufanya kazi kwenye joto la kiasi gani. Nalitaja hili kwa uchungu kwa sababu lingeulizwa, jibu langu lingetosha kunilinda.

Tulifika Doha katikati ya Mei. Ukitoka nje ya uwanja wa ndege hewa inakugusa usoni, na unafikiri umesimama karibu na injini ya gari hadi ugundue kwamba hakuna gari. Mchana joto lilipita nyuzi 40. Lakini namba hiyo ni sehemu tu ya habari. Doha iko kando ya bahari, na siku ambazo upepo unatoka majini hewa hujaa unyevu. Jasho halipozi mwili kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho linatiririka hadi kwenye viatu na mwili unabaki na joto lake lote. Kule mjengoni nilikuwa nakamua shati langu na bado nahisi moto ndani ya kifua.

Qatar ina sheria nzuri juu ya jambo hili, na ni haki niiseme. Tangu mwaka 2021 ni marufuku kufanya kazi ya nje juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kati ya Juni 1 na Septemba 15. Aidha, kuna kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, upepo na miale ya jua, na kikipita nyuzi 32.1 kazi inapaswa kusimama saa yoyote, siku yoyote ya mwaka. Mfanyakazi anayeamini kwa sababu ya msingi kwamba joto linahatarisha maisha yake ana haki ya kuacha kazi na kupeleka malalamiko. Sisi tulifika kabla ya Juni 1. Kipimo hicho sikukiona kwenye mjengo wetu, na ile haki ya kuacha kazi niliisikia mara ya kwanza nikiwa kitanda cha hospitali.

Kitu ambacho sheria ya saa haiwezi kumfanyia mtu wa milimani ni kumpa mwili mwingine. Mwili huzoea joto, lakini unahitaji muda wa kama wiki moja hadi mbili. Katika muda huo unajifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi, kuzuia chumvi isipotee ovyo, kuongeza maji ndani ya damu ili moyo usihangaike. Kabla ya hapo, hata kijana mwenye misuli hayuko salama. OSHA, idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini, inasema karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza kabisa ya mfanyakazi, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Ndiyo maana wataalamu wa huko wanashauri mgeni afanye asilimia 20 tu ya kazi ya kawaida siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Sisi tulipewa kazi kamili tangu asubuhi ya kwanza, kwa sababu ratiba ilikuwa imechelewa.

Dalili zilinijia kwa mpangilio ambao sasa naufahamu vizuri. Kwanza misuli ya mapaja na tumbo ilikakamaa usiku, nikadhani ni uchovu wa safari. Halafu kichwa kikaanza kuuma kuanzia saa tano, kikaniacha jioni. Chakula kikanichukiza. Nikawa nakojoa mara mbili kwa siku, na mkojo ukawa na rangi nzito. Hapo mtu bado anaweza kuokolewa na kivuli, maji, chumvi na mapumziko ya siku. Huo ni uchovu wa joto, na mwili unakuwa unaomba msaada kwa lugha ya wazi.

Siku nilipoanguka nilikuwa sijamaliza hata wiki ya kwanza kazini. Ninachokumbuka mwenyewe ni kwamba kamba ya kunyooshea mstari ilionekana kupinda, na nilikuwa nikiinyoosha, na ilikuwa ikipinda tena. Mengine nimesimuliwa. Wanasema nilianza kupanga mawe nje ya mstari, kisha nikasimama katikati ya mchanga nikitafuta njia ya kwenda kisimani kwetu. Msimamizi aliponisemesha nilimjibu kwa Ekegusii, kwa sauti ya juu. Alifikiri namtukana. Nilitembea hatua chache, nikayumba, nikaanguka.

Kuchanganyikiwa ndiko alama kuu. Nawaomba wasomaji waishike hiyo kuliko zote. Mtu ambaye yuko kwenye joto au anafanya kazi nzito, akaanza kusema maneno yasiyo na mpangilio, kugombana bila sababu, kuyumba, kutomtambua mwenzake, kutetemeka kwa kifafa au kuzimia, mhesabu kuwa ana kiharusi cha joto hadi ithibitishwe vingine. Ubongo wake unaungua. Usingoje ngozi ikauke. Wengi wamefundishwa kwamba mwenye kiharusi cha joto huacha kutoa jasho, na hiyo hutokea sana kwa wazee na watoto waliokaa kwenye chumba cha moto. Mtu anayeanguka akiwa kazini au akikimbia mara nyingi bado amelowa. Mimi nilikuwa nimelowa chapachapa, na hiyo ndiyo sababu msimamizi alisema si jua, nipelekwe kambini nikalale.

Kulikuwa na kijana wa Ogembo kwenye kikosi chetu, mtu mwema sana, ambaye hadi leo tunaitana ndugu. Aliponigusa paji la uso akasema ni malaria, nimetoka nayo nyumbani. Alikuwa amebeba dawa kwenye begi, kama tulivyobeba wote. Akakimbia kuzileta na Panadol mbili. Alifanya kile ambacho mama yangu angefanya, na mama yake.

Mnepali aliyekuwa akichanganya mchanga nasi ndiye aliyesimama mbele yake. Alikuwa amefanya kazi Ghuba misimu mingi na alishaona mtu wa kwao akifa kwenye basi la kampuni akirudishwa kambini. Hakuwa na Kiingereza kingi. Alipasua shati langu, akamwaga juu yangu sanduku zima la maji ya kunywa lililokuwa na barafu, akashindilia vipande vya barafu kwenye shingo, makwapani na kwenye kinena, mahali mishipa mikubwa inapopita karibu na ngozi. Maji ya bomba kule hayafai kwa kazi hiyo. Matenki hukaa juani na maji yake wakati wa joto hutoka ya moto. Akawaambia wengine wapepee kwa vipande vya maboksi. Kijana wa Ogembo alipoona jinsi anavyohangaika akaziacha zile dawa chini, akachukua boksi naye. Mwingine akapiga 999. Gari la wagonjwa lilipofika nilikuwa nimepozwa tayari, na bado kipimo cha hospitali kilisoma juu ya 41.

Daktari mmoja Msudani alinieleza baadaye kwa Kiswahili chepesi alichojifunza Mombasa kwa nini Panadol haingenisaidia. Katika malaria au homa nyingine, wadudu hufanya ubongo wenyewe uamue kupandisha joto la mwili. Panadol huenda kwenye uamuzi huo na kuushusha. Katika kiharusi cha joto ubongo haujaamua lolote. Mwili umezidiwa tu na joto la nje na lile linalotengenezwa na misuli, na umeshindwa kulitoa. Hapo Panadol haina pa kushika, na ini, ambalo tayari linaumia kwa joto, linaongezewa mzigo. Vidonge pia havimezwi salama na mtu ambaye hajitambui, vinaweza kumpalia. Hata maji ya kunywa asipewe hadi akili imrudie. Na blanketi, ambalo kwetu ni ishara ya upendo, linafungia ndani kile kinachomuua.

Wenye ujuzi wa jambo hili wana kauli moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Lengo ni kushusha joto la mwili chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa. Kila dakika ya kuchelewa inazidisha hatari. Njia bora kuliko zote ni kumtumbukiza mtu kwenye maji baridi hadi shingoni huku kichwa kimeshikwa. Ikiwa hakuna pipa wala beseni kubwa, mlaze kwenye turubai, wanne washike pembe, mwagieni maji na kuyatikisa yampitie mwili mzima. Ikishindikana hata hiyo, shuka zilizoloweshwa na upepo.

Nilipozinduka sawasawa nilikuwa na mipira mkononi na puani. Mkojo uliokuwa ukikusanyika kwenye mfuko ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyochemka sana. Misuli ilikuwa imeungua na kumwaga mabaki yake kwenye damu, na figo zilikuwa zikizibwa na mabaki hayo. Nilisafishwa damu kwa mashine hadi figo zikaamka. Nilitunzwa vizuri na watu ambao sikuwa na namna ya kuwalipa, na namshukuru Mungu kwa ajili yao. Kitanda cha pili alikuwa kijana mwingine ambaye figo zake hazikuamka. Madaktari wa Nepal wamekuwa wakipokea vijana wengi wa namna hiyo, waliokwenda Ghuba wakiwa wazima na kurudi wakihitaji mashine maisha yao yote.

Nilirudi Kenya bila pesa. Sitaeleza habari ya mshahara na tiketi. Nataka kueleza habari ya kurudi nyumbani mgonjwa wa ugonjwa ambao kijiji hakiujui.

Nilikuwa nayumba. Sehemu ya nyuma ya ubongo inayosimamia mwendo na ulimi ni dhaifu mbele ya joto, na yangu ilikuwa imeguswa. Nilitembea kwa kutanua miguu, maneno yalitoka mazito, kikombe kilitetemeka mkononi. Kwenye barabara ya Kebirigo watu waliona kijana aliyetoka Arabuni akiwa mlevi saa tatu asubuhi. Hilo niliweza kulivumilia. Lililonitisha ni pale jirani mmoja alipomwambia mama kwamba kuna bibi fulani hakufurahia safari yangu, na kwamba ugonjwa wa kupoteza ulimi na miguu una mwenyewe.

Wasomaji wa Gusii wanajua neno hilo linakopeleka. Oktoba 2021 kule Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na umati na miili yao kuchomwa moto kwa kudaiwa kuwa wachawi. Siyo jambo la zamani la kusimuliwa. Kwa hiyo nilimwomba mama aite watu wa boma na jirani yule pia, nikatoa karatasi zangu za hospitali, na mwalimu mmoja mstaafu akazisoma moja moja kwa sauti, akafafanua kwa Ekegusii: joto, misuli, figo, ubongo. Nilisema mbele yao kwa ulimi wangu mzito kwamba hakuna bibi yeyote wa kijiji hiki aliyenigusa, na anayetaka kumtafuta aliyeniumiza akatafute ratiba ya mjengo. Ile ndiyo sehemu ya ushuhuda wangu ninayoithamini kuliko zote. Bibi yule bado yuko, na tunasalimiana.

Kupona kulikuwa kwa polepole na hakukuwa kwa mstari ulionyooka. Kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii walinipima figo na ini mara kwa mara, na mtaalamu wa viungo alinipa mazoezi ya mwendo. Niliyafanya kwenye vijia kati ya mistari ya chai, kisigino mbele ya ncha ya kidole, nikishika vichaka nilipoyumba. Mama alinipikia uji wa wimbi, obokima yaani ugali, na mboga za chinsaga, akanifungulia madirisha usiku ingawa kwake dirisha wazi ni kukaribisha nimonia. Daktari alinikataza dawa za maumivu aina ya Brufen na Diclofenac, ambazo kwetu tunanunua dukani kila mgongo ukiuma; kwa figo iliyojeruhiwa hizo ni adui.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba mwili ulisahau kuvumilia joto. Miezi kadhaa baada ya kurudi nilikwenda Kisumu kwa shughuli ya mchana mmoja. Kisumu iko chini yetu, kwenye mita 1,100 hivi, na jua lake ni jua la kawaida tu ambalo watu huuza samaki chini yake. Ndani ya saa moja kichwa kiligonga, moyo ukakimbia, mikono ikapata ganzi. Nilikaa ndani ya benki yenye kiyoyozi hadi jioni, nikanywa maji na chumvi kidogo. Daktari aliniambia hilo hutokea: aliyewahi kuanguka anaweza kubaki mwepesi wa kuanguka tena kwa wiki, kwa miezi, wengine kwa muda mrefu zaidi, na kurudi kazini kunapaswa kuwa kwa hatua, kwanza kwenye ubaridi, kwa saa chache, akiwa na mtu wa kumtazama. Nilirudi kwenye kabro hivyo hivyo. Naanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, na jua likipanda nafanya kazi ya kukata mawe kivulini.

Vijana hunijia kabla ya kusafiri. Nawaambia wadai wiki mbili za kuzoea, na wasipopewa basi wajipe wenyewe kwa namna wanavyoweza: wapumzike kivulini mara nyingi, wafanye kazi wawili wawili, kila mmoja amuulize mwenzake jina la mama yake na siku ya leo, na jibu likichelewa kazi isimame. Wanywe kikombe kimoja cha maji kila baada ya dakika 15 au 20 bila kungoja kiu, lakini wasizidishe lita 1.4 hivi kwa saa, maana maji mengi mno yanazimua chumvi ya damu na kuleta balaa jingine. Wale chakula cha asubuhi, chumvi iko humo. Waache vinywaji vya kuongeza nguvu. Anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo amwambie daktari kabla ya kuondoka. Aliyeharisha au kutapika jana asiingie juani leo. Na akirudi likizo ya mwezi mzima huku kwenye baridi, ajue kwamba mwili umekuwa mgeni tena.

Sheria za nchi nyingine pia nawatajia. Saudi Arabia inakataza kazi ya juani kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, Juni 15 hadi Septemba 15. Falme za Kiarabu ni saa sita na nusu hadi saa tisa, tarehe hizo hizo. Sheria hizi zinamhusu aliye juani. Dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani Riyadh na Jeddah hazikuandikwa kwa ajili yao, ilhali kuna anayepika siku nzima kwenye jiko lisilo na upepo na kulala kwenye chumba cha juu ya paa. Kiharusi cha joto hakihitaji jua. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba wafanyakazi bilioni 2.4 hukabiliwa na joto la kupita kiasi, na Afrika ndiyo inayoongoza, zaidi ya wafanyakazi tisa kwa kila kumi. Hata mahujaji hawakusalimika: Juni mwaka huo Makka ilipita nyuzi 50 na serikali ya Saudi Arabia ikatangaza vifo 1,301.

Huku nyumbani nasema na watu wa bodaboda. Mgonjwa akichanganyikiwa kwenye machimbo ya mawe ya Tabaka, au mbele ya tanuri la kuni la kiwanda cha chai, au mabatini juu ya nyumba, desturi yetu ni kumvisha jaketi, kumbana katikati ya watu wawili kwenye pikipiki na kukimbia naye hospitali. Njiani anazidi kuchemka. Sisi Mungu ametupa kitu ambacho Doha hawana: maji ya chemchemi zetu ni baridi mwaka mzima, na hakuna kilima kisicho na kisima chini yake. Jerikeni nne za maji hayo, zikimwagwa juu ya mtu aliyevuliwa nguo kivulini huku majirani wakipepea, zinafanya kazi kubwa wakati gari linatafutwa. Kisha apelekwe bila kukosa, hata kama ameanza kuongea vizuri, na huko apimwe malaria pia. Sisemi malaria imekwisha kwetu. Nasema isubiri zamu yake mtu akiwa amepozwa.

Mama naye amekuwa mwalimu kunishinda. Chama chake kina wazazi ambao watoto wao wako Ghuba, na siku za kuchanga wanapiga simu pamoja, simu ikiwa katikati ya meza. Wiki iliyopita alizungumza na binti wa jirani aliyeko Riyadh. Baada ya salamu alimuuliza mkojo wake una rangi gani. Binti akacheka kwa aibu, akasema una rangi ya njano nzito na kichwa kinamuuma kila alasiri. Mama hakucheka. Alimwambia amwombe mwenye nyumba feni ya jikoni leo, si kesho, ajaze chupa aiweke mahali anapoiona, na apige simu tena kabla ya kulala.